Sababu ya Kurudi: Mhadhara Kuhusu Viza ya Mzazi Anayekwenda Kumtembelea Mwanawe Ughaibuni



Nazungumzia jambo linalozigusa nyumba nyingi hapa petu. Ni vigumu siku hizi kupata mtaa usio na familia yenye mtoto ughaibuni. Binti ni muuguzi Birmingham. Kijana alikwenda Ujerumani kusoma, akapata kazi, akabaki. Vijana hawa wanaoa na kuolewa, wanapata watoto, na kuna siku wanaugua. Kwa desturi zetu, yote hayo yanamtaka mzazi awepo. Binti akijifungua, mama yake humwendea, akamkanda, akampikia uji, akakaa naye mpaka arobaini itimie. Binti akiwa Birmingham, safari hiyo ya mama inapitia mezani kwa afisa wa viza.

Nitazungumzia zaidi Uingereza, kisha kidogo nchi za Schengen. Nina neno moja ninalotaka mwondoke nalo. Familia zetu huandaa ombi la viza kwa kueleza kwa nini mzazi anataka kwenda. Afisa anayelisoma anatafuta kwa nini mzazi huyo atarudi. Barua ya mwaliko ya kurasa tatu iliyojaa mapenzi ya mtoto kwa mama yake haimpi jibu. Jibu liko huku nyumbani, katika maisha ya mzazi mwenyewe, na kazi yetu ni kuyaweka maisha hayo katika maandishi, kwa ukweli, kiasi kwamba mtu asiyetujua ayaone.

Sheria inauliza nini

Viza ya mgeni wa Uingereza inaongozwa na sehemu ya Kanuni za Uhamiaji iitwayo Kiambatisho V. Kipengele chake cha 4.2 kinataka afisa aridhike kuhusu mambo matano: kwamba mgeni ataondoka muda wake ukiisha, kwamba hataifanya Uingereza kuwa makazi yake kwa ziara za kufuatana, kwamba anakwenda kweli kwa shughuli inayoruhusiwa, kwamba hatafanya iliyokatazwa, hasa kazi, na kwamba gharama za safari na matunzo zina wa kuzilipa. Muda wa juu kwa ziara ya kawaida ni miezi 6. Ada ilipandishwa Aprili 2025 hadi pauni 127, zaidi ya laki 4 za Kitanzania, nayo hairudishwi ukinyimwa.

Kipimo cha ushahidi ni cha uwezekano. Sheria haidai uthibitishe pasipo shaka yoyote kwamba utarudi. Inatosha afisa akisoma karatasi zako aone kwamba uwezekano wa kurudi ni mkubwa kuliko wa kubaki. Nalisema hili kwa sababu wazee wengi hukata tamaa mapema wakidhani lazima wawe matajiri. Kanuni hazitaji popote kiasi cha fedha ambacho lazima kiwe benki.

Lipo jambo la pili ambalo familia nyingi hulijua wakiwa wameshachelewa. Kwa kawaida hakuna usaili. Fomu inajazwa kwenye mtandao, nyaraka zinapandishwa, kisha mzazi anakwenda kituo cha maombi kuchukuliwa alama za vidole na picha. Wanaompokea pale ni wafanyakazi wa kampuni ya wakala, na hawaamui chochote. Nimeona wazee wakiwaeleza habari zao zote kwa heshima kubwa, wakirudi nyumbani na imani kwamba wamesikilizwa. Anayeamua hakuwepo. Yeye anasoma kilichoandikwa, na kisichoandikwa kwake hakipo.

Maisha yasiyokuwa na karatasi

Tuchukue mfano wa mwalimu mstaafu wa kike wa Rombo, mwenye miaka 66. Ana mume. Anaishi kwenye kihamba cha ukoo chenye migomba na kahawa, ana ng'ombe wawili wa maziwa, analea wajukuu wawili wa shule ya msingi, na ni mhazini wa kikundi cha akiba cha akina mama. Muulize mtu yeyote kijijini kama mama huyu atakwenda Uingereza asirudi, atakushangaa. Amuachie nani kihamba? Atamkabidhi nani daftari la kikundi?

Sasa fungua bahasha ya ombi lake. Mara nyingi utakuta nakala ya pasipoti, taarifa ya benki, barua ya mwaliko na picha za harusi ya binti. Kihamba hakimo, ng'ombe hawamo, kikundi hakimo, mume hayumo. Anayesoma anaona mjane asiye na kazi, mwenye binti tajiri Ulaya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa inapotea mbele ya afisa.

Karatasi hizo zinapatikana, na nyingine zimekuwepo muda mrefu bila sisi kuzifuata. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inamruhusu mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila kwa ardhi anayoitumia, hata kama aliirithi kwa mdomo tu. Kikundi cha akiba kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 kina cheti na daftari, na uongozi wake unaweza kuandika barua kueleza mhazini wao ni nani na mgao ni lini. Mkulima wa kahawa anayeuza kupitia chama cha msingi ana stakabadhi za mauzo. Mstaafu ana taarifa ya pensheni. Mume na mke wana cheti cha ndoa. Kama hawana, kipo kitabu cha kanisa au cha msikiti. Wajukuu wana barua kutoka shuleni inayotaja nani amejiandikisha kuwa mlezi. Mtendaji wa kijiji anaweza kueleza mama huyu ameishi hapo tangu lini na kwa shughuli gani.

Barua ya mtendaji itakuwa ya Kiswahili, na hilo halina ubaya. Ila kila hati isiyo ya Kiingereza iambatane na tafsiri kamili, na mfasiri aandike kwamba ni tafsiri sahihi, aweke tarehe, jina lake kamili, saini na mawasiliano yake. Tafsiri isiyo na mambo hayo inaweza kuwekwa kando kana kwamba haikuletwa.

Tazameni majina pia. Mama ameandikwa jina la ubatizo kwenye pasipoti, na jina la nyumbani kwenye cheti cha kuzaliwa cha binti yake. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Msomaji wa mbali anaona watu wawili, na hapo uhusiano wa mama na mwana unakosa uthibitisho. Hati ya kiapo mbele ya wakili, inayoeleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, inalimaliza jambo hilo kwa gharama ndogo.

Akaunti iliyonenepeshwa

Naomba tukae kidogo kwenye taarifa ya benki, maana hapo ndipo maombi mengi mazuri huharibika. Mwalimu wetu anapokea pensheni ya shilingi 310,000 kwa mwezi. Taarifa yake ya miezi sita inaonyesha pensheni ikiingia, 200,000 zikitolewa wiki hiyo hiyo, 60,000 zikienda kwenye simu, na zinazobaki zikitoka kidogo kidogo hadi salio la elfu kadhaa. Ni maisha ya kawaida ya mstaafu. Halafu ghafla, siku nne kabla ya kutuma ombi, zinaingia shilingi 6,000,000 kwa mkupuo. Binti amezituma, au mjomba amekopesha, ili akaunti ipendeze.

Afisa anaona mara moja. Fedha hizo haziendani na kipato kilichotajwa kwenye fomu, na chanzo chake hakikuelezwa. Anajiuliza ni za nani, na kama zitabaki hapo viza ikitoka. Shaka hiyo haiishii kwenye fedha. Anaanza kujiuliza kama ustaafu ni wa kweli, kama umri ni wa kweli, kama mama huyu anakwenda kweli kumwona mtoto wake. Fedha iliyowekwa ili kusaidia ndiyo imemharibia.

Na haikuwa na sababu. Kipengele cha 4.3 cha kanuni hizo hizo kinaruhusu mtu mwingine kulipia malazi na matunzo ya mgeni, mradi wana uhusiano wa kweli, mlipaji havunji wala hatakuwa anavunja sheria za uhamiaji, na anaweza kutekeleza anachoahidi. Binti anayelipia safari ya mama yake aseme hivyo waziwazi. Alete hati zake za mshahara, taarifa zake za benki, uthibitisho wa ukaazi wake, na mkataba wa nyumba unaoonyesha kuna nafasi ya mgeni kulala. Akaunti ya mama ibaki kama ilivyo. Pensheni ya 310,000 inayoingia kila mwezi kwa miaka ni ushahidi bora wa kurudi kuliko milioni 6 za siku nne, kwa sababu inaonyesha mtu mwenye maisha yanayoendelea mahali fulani.

Barua ya mwombaji mwenyewe

Katika maombi mengi sauti inayokosekana ni ya mzazi. Mtoto ameandika kurasa tatu, mzazi hakuandika hata mstari. Nashauri mzazi aandike ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kama ndiyo lugha yake, kisha ufasiriwe. Mwalimu wetu wa Rombo angeweza kuandika hivi:

"Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Rombo na mume wangu. Binti yangu anatarajia kujifungua mwezi wa 5. Nataka kukaa naye wiki 8, kisha nirudi mwezi wa 7, wakati kahawa yetu inapoanza kuchumwa. Binti yangu atakuwa kwenye likizo ya uzazi kwa kipindi chote hicho, naye na mumewe ndio watakaomlea mtoto. Nauli na matunzo yangu atalipa yeye, na karatasi zake nimeziambatisha. Nyumbani namwacha mume wangu na wajukuu wetu wawili wanaosoma. Ng'ombe wetu atawahudumia shemeji yangu hadi nitakaporudi. Mimi ni mhazini wa kikundi chetu cha akiba, na mgao wa mwaka tunaufanya mwezi wa 12."

Angalieni barua hiyo imefanya nini. Kila sentensi ina karatasi nyuma yake. Muda wa ziara una sababu, na tarehe ya kurudi imefungwa kwenye msimu unaojulikana. Haikuomba huruma na haikumsifu mtu.

Angalieni pia sentensi ya likizo ya uzazi. Wazee wetu huandika kwa moyo safi, "Naenda kulea mjukuu." Kwetu hayo ni mapenzi. Kwa afisa, maneno hayo yanaweza kusomeka kama ajira ya yaya bila mshahara, na mgeni haruhusiwi kufanya kazi. Mwongozo wa maafisa wenyewe unakubali kwamba ndugu anaweza kumtazama mtoto wa familia katika ziara fupi, mradi haigeuki kuwa ajira. Mama mwajiriwa Uingereza ana haki ya likizo ya uzazi ya hadi wiki 52. Kwa hiyo elezeni hali kama ilivyo: wazazi wa mtoto wapo, bibi anakuja kuwa na binti yake katika siku zake za mwanzo. Kama hali si hiyo, na mpango ni bibi akae miezi 6 ili wazazi waende kazini, mpango huo hauruhusiwi kwa viza hii, na ni heri familia ijue kabla ya kulipa ada.

Nami niwakumbushe jambo la afya. Mgeni anayetibiwa katika hospitali za umma za Uingereza hutozwa asilimia 150 ya gharama kwa matibabu mengi. Mzazi mwenye presha au kisukari asafiri na dawa zake za kutosha, cheti cha daktari, na bima ya safari.

Vishoka

Nje ya kila kituo cha maombi, na siku hizi ndani ya kila simu, yuko kishoka anayeahidi viza ya uhakika. Atatengeneza barua ya mwajiri ambaye hayupo, atatengeneza leseni ya biashara, atajaza fomu bila kumuuliza mzazi swali hata moja. Kwenye swali la kama umewahi kunyimwa viza, atajibu hapana, ingawa mzee alinyimwa miaka mitatu iliyopita.

Njia ya mwongo ni fupi. Kunyimwa hapo awali hakumzuii mtu kuomba tena, na kukisemwa wazi kunaweza kuelezewa. Kufichwa kwake ni udanganyifu, na anayepatikana na udanganyifu katika ombi anaweza kufungiwa miaka 10. Mzee wa miaka 66 akifungiwa miaka 10, mjukuu atakayekutana naye mara ya kwanza atakuwa darasa la tano. Tena kanuni zinaruhusu ombi kukataliwa kwa sababu ya hati ya uongo hata kama mwombaji hakujua kuwa ni ya uongo. Saini ni yako na alama za vidole ni zako. Kishoka ameshaondoka na fedha zake. Kama mzazi hawezi kujaza fomu mwenyewe, asomewe majibu yote na mtu wa nyumbani kwake, swali kwa swali, kabla hayajatumwa.

Anayenyimwa anamwendea nani

Hadi hapa nimezungumza nasi wenyewe. Sasa niwageukie wenye mamlaka, maana yapo maombi yaliyoandaliwa vizuri yakakataliwa vibaya.

Mwaka 1993 Bunge la Uingereza liliwaondolea wageni haki ya kukata rufaa. Mwaka 2000 haki hiyo ikarudishwa kwa wale wanaokwenda kuona familia, kwa kutambua kwamba ziara ya mama kwa mwanawe ina uzito kuliko utalii. Julai 2012 orodha ya ndugu wanaohesabika ikapunguzwa. Mjomba, shangazi, mama mdogo na binamu wakatolewa. Tarehe 25 Juni 2013 rufaa kamili ya familia ikafutwa. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba rufaa zina gharama kubwa, na kwamba anayenyimwa anaweza kuomba tena kwa haraka akiwa na ushahidi bora zaidi.

Hoja hiyo ina nguvu pale kasoro inapokuwa ya mwombaji. Pale ambapo kasoro ni ya afisa, aliyeruka karatasi iliyokuwepo au kuisoma visivyo, kuomba tena ni kulipa ada mara ya pili ili kosa la mwingine lisahihishwe, bila ahadi kwamba litasahihishwa. Kilichobaki ni kuomba mahakama ipitie uhalali wa uamuzi, ndani ya miezi 3, kwa gharama ambayo mstaafu wa Rombo haifikii.

Na makosa ya mfumo yamewahi kuthibitika. Kuanzia 2015 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza ilitumia programu ya kompyuta iliyoyapanga maombi kwa rangi nyekundu, njano na kijani, na utaifa wa mwombaji ulikuwa mojawapo ya vigezo. Shirika la kutetea wahamiaji la JCWI, likisaidiwa na shirika la Foxglove, lilifungua kesi likidai huo ni ubaguzi. Kabla kesi haijasikilizwa, wizara ilikubali kuacha kuitumia kuanzia tarehe 7 Agosti 2020. Kwa miaka hiyo yote, kuna wazazi ambao maombi yao yalianza kusomwa yakiwa tayari yamewekewa alama kwa sababu ya pasipoti.

Nchi za Schengen zimechukua njia nyingine. Kanuni yao ya viza, Na. 810 ya mwaka 2009, inamlazimu afisa kutoa sababu kwa maandishi na inampa aliyenyimwa haki ya rufaa. Mwaka 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba viza inaweza kukataliwa kwa sababu zilizoorodheshwa kwenye kanuni tu. Tarehe 13 Desemba 2017, katika kesi ya mtu wa Morocco aliyenyimwa viza na ubalozi mdogo wa Poland, aliyetaka kuwatembelea mkewe na mtoto wake, mahakama hiyo ilisema kila nchi lazima iwe na hatua ambapo jaji anaweza kuutazama uamuzi huo. Hata huko mambo yanabana: kuanzia 1 Julai 2025 Ujerumani iliifunga njia ya kuuandikia ubalozi ili upitie upya uamuzi wake, na sasa anayepinga huenda mahakama ya utawala ya Berlin au huomba upya. Lakini mlango wa mahakama upo, na umewekwa na sheria.

Kwa wanaokwenda huko, masharti ya msingi ni haya. Ziara isizidi siku 90 ndani ya siku 180. Ombi lipelekwe si mapema zaidi ya miezi 6 wala chini ya siku 15 kabla ya safari. Bima ya matibabu iwe ya angalau yuro 30,000. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Mwenyeji wa Ujerumani anaweza kusaini hati ya kubeba gharama iitwayo Verpflichtungserklärung katika ofisi ya wageni ya mji wake. Asisaini bila kuielewa, maana inambana kisheria kwa miaka.

Tunachopaswa kudai na kufanya

Kwa Uingereza, naomba kauli yetu iwe moja: haki ya rufaa kwa wanaokwenda kuona familia irudishwe. Iliwahi kuwepo kwa karibu miaka 13, na nchi hiyo haikudhurika. Watoto wetu walio raia huko wana wabunge wao. Wawaandikie, maana mama anaponyimwa viza isivyo haki, anayekosa mgeni ni mpiga kura wa huko.

Kwa serikali yetu, halmashauri ziharakishe utoaji wa hati za hakimiliki ya kimila, na watendaji wa vijiji wapewe mfano mmoja wa barua ya utambulisho wenye mambo yote yanayotakiwa. Mzazi asisafirishwe mara tatu kwenda wilayani kufuata muhuri.

Kwa familia, msingoje mimba iwe ya miezi minane au simu ya hospitali. Anzeni faili la mzazi mwezi huu: vyeti, hati ya ardhi, kiapo cha majina, stakabadhi za mauzo, barua ya kikundi. Faili hilo lina faida hata kama hakuna safari. Litamsaidia mzazi kupata mkopo, litazuia ugomvi wa mirathi, litamlinda mjane asinyang'anywe shamba. Siku ya viza ikifika, mtakuwa hamtengenezi ushahidi. Mtakuwa mnautoa kabatini.

Mzazi anayekwenda kumwona mwanawe hajaomba fadhila. Ana nyumba, ana watu, ana wajibu unaomsubiri. Tuyaandike hayo ili anayesoma asiwe na kisingizio cha kutoyaona, na akikataa kuyaona, tuwe na mahali pa kumwuliza kwa nini.